Nyumba Mbili za Athumani

Tangu turudi Kisauni, kila anayekuja kunisalimu ananitazama kama aliyekuja kunipa mkono wa rambirambi. Mnakaa, mnakunywa kahawa yangu, mnauliza habari za bara, kisha mnashusha sauti: "Mwanaisha, ni kweli Athumani ana nyumba mbili huko Migori?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja tu, msome, mpeane, na mkimaliza mnirudishie karatasi zangu. Jibu ni ndiyo. Ana nyumba mbili. Ya kwanza mahali pake nilipachagua mimi, na ya pili nilisimamia ujenzi wake mimi, mikono kiunoni. Lakini msikimbilie mwisho.

Watu wanasema tulikwenda kujitolea. Aliyejitolea ni Athumani. Mume wangu ni fundi wa matangi ya maji ya mvua, na shirika moja la maji lilikuwa linatafuta fundi wa kukaa kijijini mwaka mzima kwa posho ya kula tu. Akainua mkono kabla hajaniuliza. Mimi nilikwenda kulinda mali yangu. Mnaijua hali yangu: miaka yote hii ya ndoa na nyumba haijalia mtoto. Na mnamjua mavyaa yangu, mama yake Athumani, anavyokuja kila Ijumaa baada ya sala na kumwambia mwanawe huku nasikia, "Sheria imekuruhusu wanne, baba, wewe umeganda kwa mmoja." Athumani hakumjibu hata siku moja. Hakusema ndiyo, hakusema la. Kunyamaza kwake kulinikondesha kuliko maneno ya mama yake. Sasa mume asiyesema la, nyinyi mngemwacha aende bara peke yake?

MOMBASA HADI NAIROBI

Treni ilitutenganisha mapema. Daraja la pili wanaume wana vyumba vyao na wanawake vyao, na mimi nilikuwa sijui. Nikapangwa na mama wawili wa Voi waliokoroma kwa zamu, na Athumani akapelekwa mwisho kabisa wa behewa. Sikulala. Nilikuwa nahesabu milango ya vyumba vya wanawake iliyoko kati yake na mimi.

Asubuhi, pundamilia wanatutazama kule nyikani, akaja mlangoni kwangu akicheka, na mahamri ya moto yamefungwa kwenye leso iliyotariziwa maua.

"Leso ya nani hiyo?"

"Ya mama mmoja kule nyuma. Ameniona nina njaa."

"Mama wa umri gani?"

"Sikumuuliza umri, Mwanaisha. Kula kama yanakupendeza."

Niliyala, kwa sababu njaa haina kiburi, lakini kila tonge niliuliza swali. Tuliposhuka Nairobi akanionyesha huyo mama: bibi kizee aliyeshikwa na wajukuu huku na huku, mgongo umepinda. Nilimrudishia leso yake na kumsalimu kwa ukavu. Wazee pia wana mabinti.

NAIROBI HADI MIGORI

Basi liliharibika juu ya Keroka, kwenye mvua. Dereva akasema ni kitu kidogo, na kwa maneno hayo tukajua tutakaa. Tukakaa mpaka akina mama wa Kigusii wakashuka vilimani na ndizi zao, wakatuuzia kupitia madirishani, kisha walipoona hatuendi popote wakaleta na mahindi ya kuchemsha. Mzee aliyeketi jirani yangu alinipa nusu ya hindi lake bila kujua jina langu. Athumani alikuwa chini ya basi na utingo, wanagongagonga. Hana ujuzi wa injini, lakini hawezi kuona watu wanafanya kazi yeye amekaa. Ndiyo tabia iliyotufikisha huko.

Migori tuliingia na njaa kali. Hotelini tukaletewa samaki mzima kwa ugali, samaki mkubwa hadi mkia wake unatoka nje ya sahani. Kabla ya kula, msichana wa hoteli akaja na birika na beseni kutunawisha. Athumani, msichana alimnawisha taratibu, akingoja atakate, akamwongezea maji. Mimi akanimwagia mara moja akaenda zake.

"Umeona?" nikamwambia.

"Nimeona nini? Mikono yangu ilikuwa na grisi."

Ilikuwa na grisi kweli. Lakini mtu anaweza kuwa na grisi na bado akafurahia kunawishwa.

MIGORI HADI MACALDER

Kutoka Migori tulipanda lori la wachimbaji dhahabu. Njia nzima walizungumza dhahabu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na viatu vizima. Macalder tukapokewa na Mama Pilista, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama ambao matangi yale yalikuwa yao. Ni mwanamke mrefu, Msabato wa kweli kweli, sauti yake inavuka mto. Akanipa jina palepale.

"Karibu, nyar Mombasa. Binti ya Mombasa. Hapa ni kwenu sasa. Mwenye atakusumbua, niambie mimi."

Kikundi kilikuwa kimetutengea kiwanja chenye ua wa manyara na lango moja. Nyumba ilikuwa bado, wakatulaza kwanza katika stoo ya shule. Athumani akaondoka upesi kwenda Homa Bay kufuata saruji, na siku hiyohiyo wajenzi wakaja, wanaume wa jirani wasiotaka malipo ila uji. Mkubwa wao alikuwa Mzee Okech, mtu wa maneno machache. Akasimama langoni, akasema jambo, na Mama Pilista akatafsiri.

"Mzee anauliza, wewe unataka nyumba yako iwe wapi?"

Nikatazama. Ukiingia langoni, mbele yako moja kwa moja, upande wa juu, palikuwa na uwanja mtupu unaopigwa na jua. Pembeni, karibu na ua, palikuwa na mti wenye kivuli kizuri na udongo laini. Mimi ni mtu wa pwani, najua thamani ya kivuli. Nikaonyesha pembeni.

Mzee Okech akanyoosha mkono kule juu akauliza tena.

"Anasema, na hapa juu?"

"Huko juu paachwe," nikasema. "Pabaki wazi."

Mzee Okech akanitazama kwa muda, akavua kofia, akaivaa tena. Mama Pilista akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nyar Mombasa, wewe uko na heshima. Wamama wengi hawawezi fanya hivyo."

Nilijiona muungwana sana. Nilidhani wananisifu kwa kutotaka makuu. Athumani aliporudi wakamkabidhi sururu achimbe shimo la nguzo ya kwanza, maana mwenye mji ndiye huanza. Wakamuuliza kama kweli ni hapo pembeni. "Alipotaka mke wangu ndipo," akajibu, na wale wanaume wakatikisa vichwa kwa kukubali. Nyumba ikasimama, ya udongo na mabati, na kivuli kikawa kizuri kama nilivyosema.

MACALDER

Mnataka kujua maisha yalikuwaje. Asubuhi maji, kutwa kazi, jioni maji tena. Athumani alifundisha vijana kusuka nyaya na kupiga plasta tangi moja baada ya jingine. Mimi nilifundisha akina mama kupika mahamri, wao wakanifundisha kukaanga omena, dagaa wao wa ziwani, mpaka zisinuke. Jumamosi hakuna kazi, kijiji kizima kiko kanisani. Jumapili Wakatoliki hawapo. Ijumaa sisi hatupo. Ndiyo maana matangi yalichukua muda.

Na kuku. Walipojua kwamba sisi hatuli nyama isipokuwa amechinja Mwislamu, na kwamba hatuwezi kukosekana kwenye sherehe, wakaamua kila kuku wa sherehe aletwe kwa Athumani. Basi nikitoka nje namkuta mume wangu amezungukwa na wanawake, kila mmoja ana kuku kwapani, wanacheka naye. Nikawa natoka na ufagio nafagia katikati yao.

Lakini kilichoniumiza ni Homa Bay. Kila Alhamisi Athumani alikwenda kufuata saruji kwa mfanyabiashara mmoja wa huko, na kurudi ni Jumamosi. Na alirudi ameshiba. Nikimwekea ugali, ananyofoa kidogo kwa adabu. Mume anayerudi safarini ameshiba, mchunguzeni. Nilinusa mashati yake. Yalinuka kitu ninachokijua ila sikuweza kukitaja.

Tena akina mama wakaanza kuniuliza, "Mkubwa hajambo?" Nami, kwa kuwa kwetu bi mkubwa ni mama mkwe, nikawa najibu, "Hajambo, miguu tu inamsumbua."

"Pole yake. Atakuja lini?"

"Aje kufanya nini? Akae hukohuko aliko."

Walicheka mpaka wakashikana. Nikaona nimepata wenzangu, wanawake wanaojua mavyaa ni mtu wa namna gani.

Mvua ikaja. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nililingoja hilo jembe kwa hamu, maana shamba la kikundi lilikuwa ndani ya kiwanja chetu na mbegu nilizitunza mimi chini ya kitanda. Akina mama wote wakafika alfajiri, wakapanga mstari kando ya shamba. Nikainua jembe. Mama Pilista akalidaka hewani.

"Ngoja. Wewe huwezi anza."

"Kwa nini?"

"Mkubwa yako bado hajapanda. Yeye anaanza, halafu wewe unafuata."

"Mavyaa yangu hajawahi kushika jembe maisha yake."

"Si mama. Mke. Ule mke mkubwa ya bwana yako."

Jembe nikamwachia. Nikamwambia Athumani hana mke mwingine. Akina mama wakatazama chini, wote, na huruma yao ndiyo iliyonichoma.

"Hakuna aibu, nyar Mombasa," akasema Mama Pilista. "Hata mimi niliolewa wa pili."

"Nani amewaambia?"

"Hakuna mtu alituambia. Tuliona wenyewe."

"Mmeona wapi? Mmeona nini?"

"Hiyo ni mambo ya nyumba ya mtu, siwezi sema mbele ya watu. Uliza bwana yako." Kisha akanivuta kando. "Ukipanda mbele yake utaleta chira. Ule ugonjwa inamaliza mtu akivunja desturi. Mimi ni Msabato, siamini hiyo mambo. Lakini watu wamekufa sana hapa, na hawa wamama wanaamini. Usiwaletee hofu."

Ilikuwa Alhamisi. Athumani alikuwa ameondoka kwenda Homa Bay na lori la kwanza, amevaa shati nililolipiga pasi mimi.

KARUNGU HADI HOMA BAY

Lori la pili halikuwepo. Mvua ilikuwa imekata barabara, na kila niliyemuuliza alisema ningoje kesho. Mwanamke mwenye habari kama yangu hangoji kesho. Nikapakiwa kwenye baiskeli mpaka Karungu, ziwani, na huko nikapata boti ya injini iliyobeba magunia ya omena kwenda Mbita.

Nilikaa juu ya gunia, na mbele yangu wanawake wawili wa makamo wakimegeana chapati moja. Mmoja akanimegea na mimi. Akaniuliza nalia nini. Nikasema ni upepo.

"Huyu ni nyieka," akasema akimwonyesha mwenzake. "Mke mwenza. Mzee wetu ni mmoja."

Nikawatazama magoti yao yaliyogusana. "Hamwoneani wivu?"

Wakatazamana. "Wivu iko," akasema yule mwingine. "Lakini omena pia iko. Tukikaa kulia, nani atauza?"

Mimi sikuwa na omena. Nilikuwa na wivu peke yake, na niliushika kwa mikono miwili. Mbita nililala kwa mwenye boti, kwa mkewe, aliyenipa samaki wa kuchemsha na kitanda chake, nami sikumwambia hata asante inavyotakiwa, Mungu amlipe. Usiku wote nilikuwa nasuka maneno nitakayomwambia huyo mwanamke wa Homa Bay. Nilishampa sura. Nilimfanya mweupe, mnene kiasi, na mjamzito. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa roho.

Kesho yake, mji wa Homa Bay uko mbele ya macho yetu, tukakwama. Ilikuwa miaka ile ya gugumaji. Ziwa lote limefunikwa kijani, unaweza kudhani ni shamba, na boti yetu ikaingia humo ikatulia. Injini ikazimwa. Wanaume wakashika miti wakasukuma, tukasogea urefu wa mkeka, tukasimama. Niliona mabati ya soko. Niliona watu wanatembea. Nikasikia adhana ya Ijumaa, nikajua Athumani anatawadha mahali fulani mule na mimi niko kwenye majani. Nikasimama nishuke nikatembee.

"Mama, kaa chini," nahodha akanikemea. "Huko ndani kuna nyoka."

"Wao ndio waniogope mimi," nikamwambia.

HOMA BAY

Tulifika ufukweni watu wameshatoka msikitini. Nikauliza sokoni, "Fundi wa pwani, anayenunua saruji, anakaa wapi?" Wakaelekeza wote kwa pamoja, kwa furaha, kama watu wanaomwelekeza mtu nyumbani kwake. Ni nyumba iliyo nyuma ya duka la saruji, yenye pazia mlangoni. Nilipokaribia nikasikia sauti ya mwanamke, Kiswahili cha pwani hasa: "Athumani, wataka nikuongeze?"

Na Athumani, sauti laini ambayo sijaisikia tangu tuondoke Mombasa: "Niongeze, niongeze."

Nikavuta pazia nusura niling'oe. Mume wangu ameketi mkekani, mbele yake sinia la wali wa nazi na samaki wa kupaka, vidole vinang'aa tui. Ndiyo ile harufu ya mashati. Nazi! Na mlangoni mwa jikoni amesimama bibi wa Kiamu, meno mawili mdomoni, mwiko mkononi. Bi Zuhura, mke wa mwenye duka. Nazi zake zinatoka Mombasa kwa basi.

"Mwanaisha," akasema Athumani, na punje ya wali ikamdondoka. "Wallahi ningekwambia."

"Miezi yote hii ulikuwa unakuja hapa kufanya nini?"

"Kula tu."

"Kula tu! Mimi nakaanga omena, wewe unakula tui la mwanamke mwingine, halafu unaniambia kula tu!"

"Ningekwambia ungesema chakula chako hakinishibishi."

Na kweli ningesema. Bi Zuhura hakujali ugomvi, akanipakulia. Nilikula kwa hasira, na wali uliponigusa ulimi nikataka kulia tena, maana ulikuwa mtamu kuliko wangu. Ningependa kuwaambia vingine, lakini ndivyo ulivyokuwa.

Nikamaliza, nikafuta mikono, nikalitoa lile lililonileta. Nikamwambia Macalder nzima inajua ana mke mkubwa, tena wamemwona kwa macho yao. Athumani akaapa mpaka viapo vikamwishia. Bi Zuhura, aliyeishi Ujaluoni tangu alipoolewa, akaweka mwiko chini.

"Hebu ngoja. Nyumba yenu huko imejengwa wapi? Ukiingia langoni, iko mbele yako juu, au iko pembeni?"

"Pembeni," nikasema. "Penye kivuli."

"Na pale juu pana nini?"

"Hapana kitu. Mimi nilisema paachwe wazi."

Alicheka mpaka akaketi, akalia, akajipangusa kwa ukaya. "Mwanangu! Mji wa Mjaluo husomwa kwa nyumba. Ile ya juu, inayotazama lango, ni ya mke wa kwanza, *mikayi* wamwita. Pembeni ni kwa mke wa pili. Nani alikupangia?"

"Nilionyesha mwenyewe."

"Basi umejijengea uke wenza kwa kidole chako."

Athumani naye akaanza kucheka. Mimi sikucheka. Nilipata ahueni, ndiyo, yule mweupe mjamzito akafa palepale mkekani. Lakini niliona kwamba kama si leo ni kesho. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikamuuliza mbele ya Bi Zuhura lile nililolibeba miaka yote: "Na mama yako, mbona humjibu?"

Kicheko kikamkauka. Akatazama sinia. Akakusanya punje za wali kwa kidole, moja moja.

KURUDI MACALDER

Tulirudi juu ya mifuko ya saruji, hatusemeshani, nywele zetu nyeupe kama za wazee. Nilipofika sikungoja hata kuoga. Nikamwita Mzee Okech, nikamwonyesha kule juu. "Nyumba," nikasema. "Hapa. Yangu."

Mzee akasumbuka. Si kawaida nyumba ya mkubwa kuja nyuma ya ile ya mdogo. Akaenda kuulizana na wenzake, akarudi, akasema kwa kuwa mkubwa hakuwepo na sasa amefika, itawezekana. Mama Pilista alipoelewa yote alipiga yowe lake la kuvuka mto, lakini mji ni mji. Nyumba ya juu ilipokamilika, akina mama wakaja kunipokea upya, na vigelegele, na kuku, Athumani akachinja. Wakanisalimu mkono mmoja mmoja kama mgeni aliyeshuka lorini. Walinipa heshima ambayo sikuwahi kuipata, na mimi niliipokea yote.

Haikupita juma, Mama Pilista akaja akakaa. Akatazama ile nyumba ya pembeni.

"Ile nyumba haiwezi kaa bila moto. Nyumba bila moshi inaita mtu."

"Inamwita nani?"

"Niko na mtoto ya dada yangu. Adhiambo. Msichana mzuri sana, anajua kazi."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania. Ila kesho yake nilimwona huyo Adhiambo anapita nje ya lango letu na ndoo ya maji kichwani, na kisima hakiko upande huo. Shingo ndefu, miguu imara, kila kitu chake ni kipya. Ningeweza kuivunja ile nyumba. Nilishika shoka, niwaambie ukweli. Lakini nikafikiri: nikivunja, watasema mke mkubwa amemfukuza mdogo, na mahali patabaki palepale, wazi, pakingoja.

Siku ya kupanda ikawekwa upya. Akina mama wakajipanga kando ya shamba. Asubuhi nikatoka nyumba ya juu, nimevaa leso zangu za heshima, nikapiga mashimo ya kwanza kama mke mkubwa anavyotakiwa, mstari mzima, nikapanda. Wakashangilia, wakangoja ruhusa ya kuingia.

"Bado," nikasema. "Mdogo hajapanda."

Nikashuka nyumba ya pembeni. Nikawasha moto jikoni, mpaka moshi ukatoka juu ya mabati kila mtu akauona. Nikabadilisha leso, nikajitanda ile nyekundu, nikachukua jembe jingine. Nikatoka, nikawasalimu wote upya kwa adabu ya mke mdogo, nikapanda mstari wa pili nyuma ya ule wa kwanza.

Kisha Mama Pilista akauliza, sauti yake inatetemeka kwa kicheko anachokizuia, "Na nyinyi wawili mnasikizana?"

"Hatupatani hata kidogo," nikamwambia. "Huyu mdogo anaringa."

Mama Pilista akaketi juu ya tuta, akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Akina mama wote wakaingia shambani. Mzee Okech, aliyekuwa amesimama langoni kuhakikisha, akafikiri kwa muda wake, akasema, "*Ber*," yaani ni vema, akaenda zake. Adhiambo hakupita tena na ndoo.

Tangu siku hiyo nilikoka moto mara mbili. Jioni Athumani akitoka kazini anasimama katikati ya kiwanja, anauliza kwa sauti, "Leo zamu ya nani?" Kijiji kilimpenda kwa hilo. Lakini nikagundua jambo. Chai ya nyumba ya pembeni aliisifu zaidi. Majani yaleyale, sukari ileile, mkono huuhuu. Nikimpa kule juu anakunywa kimya, nikimpa kule chini anasema, "Ah, hii chai."

KISAUNI

Matangi yakaisha, tukaagana kwa machozi, tukarudi. Hamjaja hata kuniona, mavyaa alikuwa ameshafika. Ijumaa, baada ya sala. Mimi niko jikoni nakuna nazi, mlango uko wazi kama alivyoutaka yeye.

"Umerudi mikono mitupu, baba," akamwambia. "Sheria imekuruhusu wanne. Utakaa na mmoja mpaka lini?"

Nikaacha kukuna. Nikangoja ule ukimya wake. Niliujua urefu wake, nilijua hata nzi anayeruka ndani yake.

"Mama," akasema Athumani, "ninao wawili."

Mavyaa akashtuka. "Wawili?"

"Wawili. Nimewajengea kila mmoja nyumba yake kule Migori, na mashimo ya nguzo nimechimba mimi. Wote wana wivu. Nikicheka na kuku wananuna. Wote nawapenda, na nguvu za wa tatu sina. Usiniambie tena, mama yangu. Leo iwe mwisho."

Hakumaliza kahawa yake. Kabla ya magharibi mtaa wote ulikuwa umesikia kwamba Athumani ana nyumba mbili bara, na ndiyo habari mliyoletewa, na ndiyo maana mnanitazama hivyo. Haikuwa uongo. Mimi wakati ule nilikuwa nimesimama jikoni na kifuu mkononi, machozi yananidondokea kwenye nazi, na sikuona haya.

Baadaye akaja kuchukua maji ya kunywa. Nikamuuliza kwa upole kabisa, kati ya hao wawili, yeye anampenda nani zaidi.

Msiniambie alikuwa anatania. Nilimwona akifikiri.